Vumbi Ni Msasa

Alhamisi, 4 Julai

Wameanza kuchimba barabara. Katapila limepita mbele ya nyumba yetu asubuhi, na ilipofika saa nne nyumba nzima ilikuwa kama imemwagiwa unga. Nimefunika cherehani, nimefunika nguo za wateja, nimefunika sufuria, nimebaki kujifunika mwenyewe.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu sina wa kumwambia. Mwenye kuambiwa yuko nje anafuta gari. Nashonea katika chumba cha mbele, na dirisha langu linatazama pale pale linapolala gari, kwa hiyo kila anachofanya Mzee wangu nakiona, nipende nisipende. Gari lenyewe ni la buluu iliyokolea, rangi isiyosamehe vumbi. Aliliendesha kazini miaka mingi, na alipostaafu ofisi ikamwuzia. Wateja wangu wananitania kwamba ni mke mwenzangu. Nawaambia mke mwenza angekuwa afadhali, angepika zamu yake.

Ijumaa, 5 Julai

Maji ya bomba sasa yanatoka Jumatano na Jumamosi tu. Mzee amekata shauri: gari litaoshwa Jumamosi, siku nyingine zote ni kuliondolea vumbi. Nikamwambia, "Si ulifunike tu kwa turubai?" Loo! Ungedhani nimemtukania wazazi wake.

"Turubai juu ya vumbi, upepo ukilitikisa, ni kulipiga gari msasa kutwa nzima. Vumbi ni mchanga, Mama. Na mchanga ni msasa."

Basi nikasomeshwa. Kwanza unapepea kwa brashi ya manyoya, bila kugandamiza. Halafu unachukua kitambaa laini, unakilowesha kwa nusu kikombe cha maji, unakikamua mpaka kisitoe tone. Unakikunja mara mbili, ukikigeuzageuza unapata pande nane, na kila upande unafuta mara moja tu, mstari ulionyooka, toka mbele kwenda nyuma. Upande ulioshika vumbi haurudi kwenye rangi. Na mkono hauzungushwi hata siku moja.

"Anayezungusha mkono anaosha sahani," akasema, huku ananitazama mimi.

Jumapili, 7 Julai

Kitindamimba wetu amekuja. Ni nesi, anafanya kazi hospitali ya upande wa pili wa mji. Harusi yake ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na nguo nashona mimi. Baba yake hakumwacha hata anywe chai.

"Siku hiyo nakupeleka mwenyewe. Nimewaendesha wakubwa miaka thelathini na moja, na sijawahi kumwendesha mkubwa kuliko wewe."

Mtoto akalia. Mimi nikajifanya natafuta pini, na pini zote nilikuwa nimezibana mdomoni.

Ijumaa, 12 Julai

Vumbi.

Jumatano, 17 Julai

Nimeamka nikakuta shuka zangu mbili zimetundikwa kwenye uzio kukinga vumbi la barabarani. Si shuka kuukuu. Zile za wageni! Nimegomba mpaka koo likakauka. Mzee akaningoja nimalize, akasema kwa upole, "Mama, wageni hawajaja. Vumbi limekuja." Mtu kama huyu unagombana naye vipi?

Jumanne, 23 Julai

Jambo dogo tu. Nilitoka kumwaga maji ya sahani baada ya Mzee kumaliza kufuta, nikaona mlango wa kulia una ukanda wa vumbi, upana wa mkono wangu, toka mwanzo hadi mwisho. Haujaguswa.

"Mzee, umebakisha kiraka."

Akageuka, akautazama mlango ule, akautazama hasa. "Acha utani wako. Uko kama kioo."

Nikacheka. Nilidhani na yeye ananitania.

Jumatatu, 29 Julai

Nimemwomba anisogezee uzi mweupe, akaniletea wa manjano. Nikamwambia si huo. Akarudi na ule wa rangi ya maziwa yaliyokaa. "Nyuzi zako zote zimechuja," akasema. Nyuzi zangu ni za mwezi uliopita.

Jumatano, 31 Julai

Siku mbili nimekaa dirishani kama askari wa lindo. Mkono wake haujasahau kitu: anakikunja kitambaa, anakigeuza, ananyoosha, anageuza tena. Lakini pale alipokwisha kupita anapita tena, na pale penye vumbi hapafiki. Taa ya nyuma ameifuta mara tatu. Jua likimpiga usoni anajikinga kwa kiganja kama mtu anayetazama moto.

Mzee wangu haoni vizuri. Nimekwisha kuandika, sasa siwezi kujifanya sijui.

Nimwambieje? Mwalimu akiishiwa sauti ataandika ubaoni. Mimi miguu ikinichosha nitashona cherehani ya mkono. Dereva ukimwambia haoni, umembakishia nini? Na harusi hii hapa, na ahadi ameitoa mbele ya mtoto. Nitamsitiri. Mke ni wa nini?

Alhamisi, 1 Agosti

Akimaliza kufuta huenda kuoga. Dakika kumi, hazizidi. Leo nimechukua kipande cha flaneli kilichobaki kwenye nguo ya mtoto wa mteja, laini kama shavu lenyewe, nikatoka mbio nikafuta alipobakisha. Hakukuwa na wakati wa kulowesha wala kukunjakunja. Mlango, boneti, mlango, nikarudi kitini nahema. Mzee akatoka bafuni, jirani akapita akisema, "Mzee, gari linang'aa hilo!" Mzee akacheka mpaka gego likaonekana.

Nimejiona mke mwema kupita kiasi.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimefuta.

Jumanne, 6 Agosti

Nimefuta. Boneti lote leo. Alikuwa amefuta hewa.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimefuta. Mteja alinikuta nikamwambia nafukuza nzi.

Ijumaa, 16 Agosti

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Tulikwenda kuchukua kitambaa cha harusi. Pale wanapochimba, magari yanapita upande mmoja, na kuna binti mwenye fulana ya rangi ya chungwa anayeyaongoza kwa bendera, nyekundu simama, kijani pita. Akainua nyekundu. Nilimwona toka mbali. Nikangoja Mzee apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikajiambia atapunguza sasa. Hakupunguza. Nikasema, "Mzee." Kisha nikapiga yowe ambalo sijalipiga tangu nizae.

Akakanyaga breki. Gari likasimama, na kati ya bampa na magoti ya yule binti mkono usingepita. Bendera ilikuwa imemponyoka, imelala juu ya boneti. Binti hakutukana. Ningetamani angetukana. Alisema kwa sauti ndogo, "Baba, hukuniona?"

"Vumbi, mwanangu. Vumbi limenifumba macho."

Hapakuwa na vumbi. Bowza lilikuwa limetoka kumwaga maji muda ule ule, udongo ulikuwa mweusi, umelowa. Binti akatazama chini kwenye ule udongo, halafu akanitazama mimi. Na mimi nikasema, "Ndiyo, vumbi. Vumbi la hapa limezidi."

Nimesema mimi maneno hayo. Nayaandika ili kesho nisijidanganye kwamba sikuyasema.

Jumamosi, 17 Agosti

Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini maradhi haya nayaficha mimi, na kifo kingekuwa cha mtoto wa mtu mwingine. Gari limeoshwa. Mzee amepiga mluzi muda wote akiosha. Sikuweza kumtazama.

Jumanne, 20 Agosti

Nimejaribu kwa kuzunguka. "Mzee, nataka miwani mpya. Twende tukapimwe wote wawili."

"Nenda wewe. Mimi naona mpaka kesho kutwa."

Nimefuta.

Jumapili, 25 Agosti

Amekuja fundi rangi wa magari, rafiki wa Mzee, yule tunayemwita Kopo kwa sababu hajawahi kuonekana bila kopo la rangi mkononi. Wamekaa nje wakipiga soga, jua la saa kumi likaliangukia boneti ubavuni. Kopo akainuka, akainama, akasema, "Mzee, nani amesugua sufuria hapa?"

Nikatoka. Mungu wangu. Boneti lote na milango ile miwili vimejaa miduara midogo midogo, mduara ndani ya mduara, kama utando wa buibui. Na kila mmoja ukubwa wake ni mzunguko wa kiganja changu. Wiki tatu na nusu za flaneli kavu. Mchanga ni msasa, niliambiwa, na nikakaa nikamcheka aliyeniambia. Kikulacho ki nguoni mwako: kipande kile kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu wakati huo huo.

Mzee alikuwa ameinama, pua karibu iguse rangi. Kisha akacheka kidogo. "Ah, hii? Nimeiona siku nyingi." Akaonyesha kwa kidole. Pale alipoonyesha hapakuwa na kitu.

Kopo akanitazama mimi. Siku hizi kila mtu ananitazama mimi.

Jumatatu, 26 Agosti

Asubuhi hakufuta. Aliniita tukakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Mama, ile miduara nimeichora mimi. Sikuiona hata mmoja jana, nilimdanganya Kopo. Naona mkono wangu unazunguka na mimi sina habari." Alikuwa anakitazama kile kiganja kama si chake. "Mkono usionitii kwenye boneti lililosimama, utanitii barabarani? Tafuta mtu mwingine wa kumpeleka mtoto."

Akaniwekea ufunguo mkononi.

Nilifungua mdomo, naapa nilifungua. Nikayakumbuka magoti ya yule binti. Nikasema moyoni, ukimwambia ukweli, atarudi kwenye usukani. Nikafunga mdomo. Ufunguo nimeutia mfukoni, pamoja na flaneli.

Jumapili, 1 Septemba

Leo ni siku ya sita hajatoka nje. Vumbi limelala juu ya gari, huwezi tena kujua kama ni buluu au kahawia. Hakuna wa kulipepea. Mimi sithubutu.

Alhamisi, 5 Septemba

Amekula vijiko vitatu. Kitindamimba amepiga simu, akasema, "Mama, Baba ana nini? Ananijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo." Nikamwambia amechoka. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yangu naona inarefuka.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemwomba aniondolee vumbi kwenye cherehani, angalau ashike kitambaa. Akasema, "Niache, Mama. Nitakukwaruzia. Hata kufuta sijui tena."

Nimeingia jikoni nikalia. Macho yake yalikuwa yanaondoka yenyewe, hilo halikuwa kosa langu. Lakini ile mikono ilikuwa mizima. Miaka thelathini na moja ya mkono ulionyooka, na mimi nimemnyang'anya kwa kipande cha nguo ya mtoto.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimemwambia.

Alikuwa amekaa sebuleni, redio imezimwa. Nikaitoa flaneli nikaiweka mapajani mwake. "Mzee, miduara ni yangu. Nilikuwa nafuta nyuma yako ukienda kuoga. Ulikuwa unabakisha vumbi, nikaona nikusitiri. Nilifuta kavu. Nilizungusha."

Akaipapasa. Akainusa. Akaanza kusimama taratibu.

"Kavu?"

"Kavu."

"Ukazungusha?"

"Nilikuwa na haraka."

"Miaka yote hii unakaa na dereva, halafu unazungusha!" Sauti iliyotoka pale ilikuwa bado haijasikika ndani ya nyumba hii. "Umenidanganya mwezi mzima, sawa. Umeniacha nikajiona mfu, sawa. Lakini kuzungusha, Mama! Kavu!"

Hapo ningecheka, kama asingesema lililofuata. "Kumbe mimi mzima. Lete ufunguo."

"Sileti."

"Lete ufunguo wangu."

Akautoa mwenyewe kwenye aproni yangu, akaenda nje. Nikamtangulia, nikasimama mbele ya gari, mikono nimeitandaza kama mwendawazimu, katapila likinguruma barabarani na jirani akichungulia. Nikachukua kikombe cha maji kilichokuwa ngazini nikakimwaga juu ya boneti, vumbi likachuruzika, rangi ikaonekana.

"Nionyeshe mduara mmoja," nikasema. "Mmoja tu, Mzee, na mimi nitakupisha. Ipo mia."

Akainama. Jua lilikuwa kali, limeangukia pale pale. Akaweka kidole. "Huu hapa."

"Hapo ni pazima."

"Huu."

"Hicho ni kivuli changu."

Akasogea. Akajikinga jua kwa kiganja, akatoa kiganja, akainama zaidi mpaka paji la uso likagusa bati. Akabaki hivyo. Nikadhani anatafuta. Hakuwa anatafuta tena.

"Sioni, Mama," akasema, akiwa bado ameinama.

Nikamshika. Tukakaa chini pale pale, kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu. Aliniambia yote. Tangu mwaka jana taa za magari zimeota ndevu. Rangi zimekuwa kama chai ya maziwa. "Na yule binti, sikumwona kabisa. Si kwamba nilichelewa kumwona. Hakuwepo." Alilia, na mimi nililia, na tulikuwa wachafu wote wawili.

Baada ya muda akauliza, "Kwa hiyo mkono wangu haukuzunguka?"

"Haukuzunguka hata siku moja."

"Haukuzunguka," akarudia. Akaufuta ufunguo kwenye shati lake, akanirudishia.

Jumatano, 18 Septemba

Kliniki ya macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari ni kijana, akasema haya yanatibika, watapasua moja kwanza, tarehe 15 Oktoba, na mpaka hapo hakuna kushika usukani. "Ningekuja mwaka jana?" Mzee akauliza. "Ungeona mwaka jana," daktari akajibu. Nimempenda yule kijana.

Jioni tumemwambia kitindamimba. Amenigombeza mimi, si baba yake, na nilistahili. Kisha akamgeukia baba. "Ahadi ni ahadi. Wewe utanipeleka. Mimi nitashika usukani tu."

"Bi harusi aendeshe?"

"Nani alinifundisha kuendesha?"

Mzee akaomba chakula.

Ijumaa, 27 Septemba

Tumefuta gari pamoja. Yeye mkono, mimi macho. "Kulia kidogo. Shuka. Hapo hapo, vuta." Kitambaa kimeloweshwa, kimekunjwa, pande nane. Mlango mmoja ameniachia. Mara moja tu nilisikia, "Mama, unaosha sahani," na hata hakuwa anatazama. Amesikia kwa sauti ya kitambaa.

Jumamosi, 28 Septemba

Mwanangu ameolewa. Nguo imemkaa, hakuna mshono uliovuta. Ameendesha bila viatu, shela limekusanywa mapajani, na baba yake pembeni amekaa wima, anamwambia punguza, nyoosha, pisha. Wanaochimba barabara walikuwa kazini.

"Bendera gani?" Mzee akauliza.

"Kijani, Baba."

"Hebu simama kidogo kwanza." Akateremsha kioo. "Binti uko wapi? Sogea. Siku ile halikuwa vumbi. Lilikuwa jicho langu. Nisamehe, mwanangu."

Yule binti akasema ameshasamehe. Kisha akanitazama mimi niliyekaa nyuma, nami nikasema, "Na mimi pia nisamehe." Kwa hiyo lililokuwa moyoni limetolewa, mbele ya bi harusi na magari kumi yanayopiga honi.

Jumatano, 16 Oktoba

Wamemfungua bandeji asubuhi hii. Jicho la kushoto, la kulia litangoja mwezi mmoja. Nilikuwa nimemshika mkono, na mkono ulikuwa na jasho, wake au wangu sijui. Daktari akamwambia afumbue polepole. Akatazama dari. Akatazama ukuta, akasema, "Kumbe mweupe." Akasoma kalenda, mpaka maandishi madogo ya chini, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha akageuka akanitazama. Alinitazama muda mrefu sana, paji, macho, shavu, shingo, hakuruka kitu. Nikaanza kuona haya, mimi niliyemzalia watoto.

"Mama," akasema taratibu, "umezeeka lini?"

Daktari akashtuka, akaanza kukohoa.

"Ulipokuwa unafuta gari," nikamjibu.

Tulicheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha, na muda wote huo Mzee hakuacha kunitazama.